Kasino ya Wamenominee Kenosha: kwa nini kabila jingine ndilo linaloipinga, na wewe una la kusema?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Kenosha, Wisconsin, na mume wangu na watoto. Kabila la Menominee linataka kujenga kasino hapa kwetu, karibu na barabara kuu ya I-94, ilhali hifadhi yao, yaani ardhi waliyotengewa na serikali, iko mbali huko kaskazini. Kanisani tumeletewa karatasi ya kupinga, tutie saini. Mimi kamari siipendi, nimeona ilivyommaliza mdogo wangu nyumbani. Lakini nasikia wanaopinga kwa nguvu kuliko wote ni kabila jingine la wenyeji wa asili. Imekuwaje? Kasino nje ya hifadhi inaruhusiwa kweli? Nani mwenye kauli ya mwisho? Na nikitia saini, si nitakuwa nimewaongezea dhuluma watu waliokwisha kudhulumiwa vya kutosha?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hilo lililokushangaza, maana ndiyo njia fupi ya kuyafikia mengine.

Kabila unalolisikia ni Forest County Potawatomi. Wana kasino kubwa Milwaukee, ambako kutoka kwako ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Mteja anayetoka Chicago au miji ya kaskazini ya Illinois kwenda kucheza Milwaukee anapita Kenosha kwanza. Ikijengwa kasino hapo, wengi watashukia njiani. Huo ndio moyo wa upinzani wao, na wala si siri.

Wana pia hoja ya historia, na si ya kupuuzwa. Kusini-mashariki mwa Wisconsin palikuwa pa Wapotawatomi na washirika wao mpaka mkataba wa Chicago wa 1833, walipoiachia serikali ya Marekani ardhi hiyo na wengi wao wakahamishwa kwa nguvu kuvuka mto Mississippi. Waliokataa kuondoka walikimbilia misitu ya kaskazini, na kizazi chao ndicho Forest County Potawatomi wa leo. Mpotawatomi akiitazama Kenosha kama nchi ya mababu zake, hakosei.

Ila kuna jambo ambalo sidhani limeandikwa kwenye karatasi mliyoletewa. Makao makuu ya Forest County Potawatomi yako Crandon, zaidi ya maili 200 kaskazini mwa Milwaukee. Kasino yao ya Milwaukee yenyewe iko nje ya hifadhi. Ilipata kibali mwaka 1990 kwa ridhaa ya gavana Tommy Thompson, ukumbi wa bingo ukafunguliwa 1991, na njia ya kisheria waliyopita ni ileile ambayo Wamenominee wanaiomba sasa. Kabila la Ho-Chunk nalo liliipinga Kenosha zaidi ya miaka kumi iliyopita huku likitafuta kasino yake nje ya hifadhi huko Beloit, na mwaka 2021 gavana Tony Evers akaliridhia ombi hilo la Beloit.

Usidhani ni tabia ya Wisconsin peke yake. Jimbo la Washington, kabila dogo la Kalispel lilifungua kasino mwaka 2000 huko Airway Heights, mbali na hifadhi yake, kwa kibali cha namna hiyohiyo. Wenyeji wa eneo hilo kihistoria, kabila la Spokane, walipotaka kujenga yao karibu na hapo, Wakalispel wakaenda mahakamani kuzuia. Walishindwa, na kasino ya Spokane ilifunguliwa 2018. Aliyetangulia kuingia ndiye mara nyingi anayeufunga mlango, na simlaumu sana: fedha hizo ndizo zinazolipia zahanati, shule na nyumba za wazee wa kabila lake. Nataka tu ulijue hilo kabla hujashika kalamu.

Sasa sheria. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kabila la Cabazon la California, iliamua kwamba jimbo linaloruhusu kamari kwa watu wengine haliwezi kuisimamia kamari ya kabila kwenye ardhi ya kabila. Majimbo yakaingiwa na hofu, na mwaka uliofuata Kongresi ikapitisha sheria ya kusimamia kamari ya makabila, ambayo Rais Reagan aliitia saini tarehe 17 Oktoba 1988. Ishike tarehe hiyo. Kifungu cha 20 kinasema ardhi ambayo serikali ya shirikisho imeipokea kuwa amana kwa niaba ya kabila baada ya siku hiyo haichezewi kamari. Kwa hiyo ukihisi kwamba umbali na mahali ni mambo ya maana, hauko peke yako, sheria yenyewe imeanzia hapo.

Halafu zikaja ruhusa za pekee. Kabila lililolipwa ardhi kwa sababu ya madai ya ardhi linaweza kuruhusiwa. Kabila la Tohono O'odham la Arizona, ambalo ekari zake karibu 10,000 ziliharibiwa na mafuriko ya bwawa la serikali, lilipewa haki ya kununua ardhi nyingine, likanunua karibu na Glendale na kufungua kasino huko 2015 licha ya makabila jirani kulipinga kwa miaka. Kabila lililofutwa na serikali kisha likarudishwa nalo linaweza kuruhusiwa kwenye ardhi iliyorudishwa. Ndiyo hoja ya kabila la Coquille la Oregon, lililopata kibali cha shirikisho Januari 2025 kwa ajili ya Medford.

Kenosha imepitia mlango mwingine, ulio mwembamba zaidi. Kwanza, Waziri wa Mambo ya Ndani aamue mambo mawili: kwamba kasino ni kwa manufaa ya kabila linaloomba, na kwamba haitaidhuru jamii inayoizunguka. (Waziri huyo wa Marekani hahusiki na polisi kama wa kwetu, yeye ana ardhi za umma, mbuga na masuala ya makabila.) Kabla ya kuamua anapaswa kushauriana na jimbo, na halmashauri zilizo ndani ya maili 25, na makabila jirani. Pili, gavana wa jimbo aridhie. Gavana akikaa kimya mpaka muda wake upite, mwaka mmoja na nyongeza ya siku 180, ombi limekufa. Mwenye kauli ya mwisho uliyemuuliza, basi, ni gavana. Juu ya hapo bado unahitajika mkataba kati ya jimbo na kabila kuhusu mashine na michezo ya meza.

Na hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa sheria hii, kwa maoni yangu. Waziri amewekewa vigezo. Gavana hakuwekewa hata kimoja. Anaweza kukataa kwa sababu nzuri, kwa sababu mbaya, au bila sababu. Huko Wisconsin jambo hilo lilipingwa mahakamani: makabila matatu maskini yalitaka kasino kwenye uwanja wa mbio za mbwa huko Hudson, na kabila la Lac Courte Oreilles likadai kwamba kumpa gavana nguvu hiyo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema turufu ya gavana ni halali.

Wamenominee wameonja turufu hiyo. Wananchi wa kaunti yako walipiga kura ya maoni 2004 wakaunga mkono kasino kwenye uwanja wa Dairyland, uliokuwa wa mbio za mbwa pia. Serikali ya shirikisho ikalikataa ombi Januari 2009. Likafufuliwa, na Agosti 2013 likakubaliwa, likabaki mezani kwa gavana Scott Walker. Yeye akatangaza masharti matatu: wenyeji waunge mkono, kamari isiongezeke kwa jumla jimboni, na makabila yote 11 ya Wisconsin yakubaliane. Tazama hilo la tatu. Ukimtaka mshindani wako akuruhusu kufungua duka mbele ya duka lake, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Isitoshe, mkataba kati ya jimbo na Wapotawatomi, uliorekebishwa 2005 enzi za gavana Jim Doyle, uliweka ulinzi wa fidia iwapo kasino jirani ingekula mapato yao. Tarehe 23 Januari 2015 Walker akakataa, akieleza kwamba jimbo lingeweza kupoteza hadi dola milioni 100. Mradi wa dola milioni 800 ukaishia hapo.

Ombi la sasa ni jipya, na mshirika wao ni Hard Rock, kampuni ambayo mmiliki wake ni kabila la Seminole la Florida. Januari 2024 baraza la jiji na bodi ya kaunti yenu zilipitisha makubaliano na Wamenominee kuhusu malipo badala ya kodi, kwa kuwa ardhi ya amana haitozwi kodi ya majengo. Nakusihi uyasome. Ni hati ya umma, na ndiyo inayosema kaunti itapata nini kwa ajili ya polisi, barabara na shule.

Umeuliza kuhusu dhuluma, na kwa hilo sitakujibu kwa haraka. Wamenominee walitawala nchi ya takriban ekari milioni 10. Mikataba ikawapunguza, na wa 1854 ukawabakizia eneo la mto Wolf, ambapo leo wana kama ekari 235,000, nyingi zikiwa msitu. Msitu huo wameutunza kwa namna inayosifiwa na wataalamu wa misitu duniani kote: wanakata mti kwa kuchagua, na baada ya zaidi ya miaka mia moja ya kuvuna bado umesimama. Walikuwa na kiwanda cha mbao, hospitali, na akiba. Mwaka 1954 Kongresi ikaamua kwamba wameendelea vya kutosha, haina haja ya kuwatambua tena kama kabila. Sheria hiyo ilianza kazi 1961. Hifadhi ikageuzwa kaunti, watu wakaanza kudaiwa kodi ya ardhi yao wenyewe, hospitali ikafungwa, akiba ikayeyuka, na viwanja vya kando ya ziwa vikauziwa wageni ili kulipa madeni. Walioongoza mapambano ya kurudisha kabila, akiwemo Ada Deer, ambaye baadaye alikuja kuiongoza ofisi ya shirikisho ya masuala ya makabila, walitaabika na kuandamana kwa miguu mpaka Rais Nixon akatia saini kurudishwa kwao Desemba 1973. Miaka kumi na miwili ilitosha kuwabomoa. Kaunti ya Menominee mpaka leo mara nyingi ndiyo ya mwisho kwa afya kati ya kaunti 72 za Wisconsin.

Wana kasino Keshena, ndani ya hifadhi yao, lakini iko katikati ya msitu, mbali na mji mkubwa wowote. Wamenominee ni takriban 9,000. Wapotawatomi wa Forest County hawafiki 2,000, na wao ndio wenye soko la Milwaukee. Kwa hiyo karatasi yenu ikisema "wabaki kwenye hifadhi yao", usitie saini. Hawakuchagua wenyewe kubanwa huko, na sentensi hiyo ina historia mbaya mno kwa Mkristo kuweka jina lake chini yake.

Lakini kupinga kasino si kuwapinga Wamenominee. Unaweza kulitakia kabila mema na bado ukaamini kwamba kamari ni njia mbaya ya kuyapata. Ushahidi hauko upande mmoja. Wachumi William Evans na Julie Topoleski walichunguza kasino za makabila nchini kote na kuchapisha matokeo 2002: miaka minne baada ya kasino kufunguliwa, ajira kwenye makabila ilipanda kwa asilimia 26, na vifo vikapungua kwenye kaunti zenye kasino na zilizo karibu nayo. Lakini kwenye kaunti hizo zenye kasino, kufilisika, uhalifu wa kutumia nguvu na wizi wa magari vilipanda kwa takriban asilimia 10. Huko North Carolina, kabila la Cherokee wa Mashariki lilipoanza kugawa mapato ya kasino kwa kila mwanachama, watafiti waliokuwa tayari wakiwafuatilia watoto wa eneo hilo waliona kwamba wale ambao familia zao zilitoka kwenye umaskini walipungukiwa na matatizo ya tabia. Nafuu ya mtoto wa kabila na hasara ya jirani mwenye uraibu zinatoka kwenye mashine ileile. Wewe uliyemwona mdogo wako akimalizwa hulihitaji somo hilo kutoka kwangu, na usikubali mtu akuambie kwamba ulichokiona ni hadithi ya nyumbani tu isiyohusu Kenosha.

Ninachokuonya ni kuhusu karatasi iliyokuja kanisani, kwa sababu jambo hili limeshawahi kutendeka vibaya sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabila dogo la Jena Choctaw la Louisiana lilitaka kasino karibu na mpaka wa Texas. Kabila la Coushatta, lenye kasino iliyokuwa ikiwategemea wateja wa Texas, lilimwajiri Jack Abramoff, mtu aliyelipwa kuwashawishi wanasiasa katika mji mkuu, Washington. Yeye na mwenzake Michael Scanlon walichota kwa Coushatta zaidi ya dola milioni 30. Sehemu ya fedha ilipelekwa kwa Ralph Reed, kiongozi maarufu wa siasa za Wakristo wahafidhina, aliyewaamsha wachungaji na waumini waipinge kamari kwa simu, barua na matangazo ya redio. Waumini wale walikuwa wakweli, waliichukia kamari kwa dhati. Hawakuambiwa kwamba kampeni yao inalipiwa na faida ya kasino nyingine. Abramoff huyohuyo alisaidia kuifungisha kasino ya kabila la Tigua huko El Paso, kisha akawaendea Watigua na kuwatoza dola milioni 4.2 kwa ahadi ya kuifungua tena. Kamati ya Seneti iliyaanika yote hayo, na Abramoff alikiri makosa mahakamani Januari 2006.

Sisemi karatasi yenu ni ya namna hiyo. Nasema muulize aliyeileta, mbele ya watu na kwa adabu: imeandikwa na nani, nani amelipia uchapaji, na kundi lenyewe linapokea fedha kutoka kasino yoyote au kampuni yoyote ya kamari? Mtu anayepinga kamari kwa imani yake hatakasirika kuulizwa.

Kuna na jambo la uraia. Ikiwa bado hujawa raia wa Marekani, tofautisha karatasi ya maoni na ombi la kisheria la kuitisha kura. Ya maoni, mkazi yeyote anaweza kuitia saini. Ya kuitisha kura ni ya wapiga kura wenye sifa peke yao, na ukitia saini au ukapiga kura bila kuwa raia unaweza kujiharibia mambo ya uhamiaji kwa kitu ambacho hata hakikukusudiwa wewe. Isome sehemu ya juu. Ikikutaka uthibitishe kwamba wewe ni mpiga kura, na hujawa raia, rudisha kalamu.

Ukitaka sauti yako iwe na uzito, andika barua yako mwenyewe. Saini mia kwenye karatasi moja husomwa kama maoni ya aina moja. Kanuni za shirikisho zinamtaka Waziri apime madhara kwa mazingira, kwa miundombinu, kwa makazi na kwa maisha ya jamii, na zinataja waziwazi gharama za kutibu watu wenye uraibu wa kamari. Hapo ndipo penye nguvu yako. Barua isemayo kamari ni dhambi itapokelewa na kuwekwa. Barua isemayo wewe ni mkazi, unafanya kazi mahali fulani, makutano fulani ya barabara tayari yamejaa saa za kutoka kazini, familia za wahamiaji hazina huduma ya uraibu kwa lugha yao, na makubaliano ya kaunti hayasemi nani atailipia, hiyo inagusa mambo yaleyale ambayo Waziri anatakiwa kuyapima. Nakala mpelekee gavana, kwa kuwa yeye ndiye hafungwi na kigezo chochote, na pia mjumbe wako wa bodi ya kaunti. Barua iwe kwa Kiingereza. Watoto wakusaidie kuiandika, lakini mambo yawe yako.

Na usifikiri kura ya wananchi peke yake ingemaliza kesi. California, mwaka 2014, karibu asilimia 61 ya wapiga kura walikataa mkataba wa kasino ya kabila la North Fork karibu na Madera, katika kampeni iliyobebwa kwa sehemu kubwa na fedha za kabila lenye kasino jirani. Kabila likaenda mahakama ya shirikisho, na 2016 Waziri akalipa utaratibu wa kuendesha kamari bila mkataba wa jimbo. Mashauri yaliendelea kwa miaka mingine mingi.

Ungeniuliza mimi ningefanya nini mahali pako, nisingetia saini karatasi hiyo. Ningeandika kwamba siitaki kasino Kenosha kwa sababu ya uraibu, na kwamba ikibidi ijengwe, basi fedha za matibabu ziwekwe kwenye makubaliano kwa kiasi kinachojulikana, kila mwaka, mikononi mwa kaunti na zahanati, zisiwe ahadi ya hiari ya mwendeshaji. Na ningeongeza sentensi moja kwamba hali ya Wamenominee imesababishwa na sheria ya Kongresi ya 1954, na Kongresi hiyohiyo inadaiwa hospitali na shule bila kuwasubirisha mpaka wapate kasino. Barua ya namna hiyo mshindani wao hawezi kuitumia, na Wamenominee wenyewe wakiisoma hawataona tusi ndani yake.

Barua yako ukiimaliza kabla hujaipeleka, niletee niipitie. Ukinitumia pamoja na nakala ya makubaliano ya kaunti, nitakuonyesha vifungu vya kutaja.